Oili ya Pipa

9 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na Mama. Mwambie Mama yale matone ya macho asiyaache eti kwa sababu siku hizi anaona vizuri. Anaona vizuri kwa sababu anayatumia. Sisi huku hatujambo. Mpwa wako amefaulu mwaka wa pili na amepata nafasi ya mazoezi kwenye maabara ya maji, nje ya mji, mwendo wa dakika arobaini kwa gari. Mimi niko palepale kwenye chumba changu cha eksirei, kutwa nawaambia watu shika pumzi, achia pumzi.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunifai. Nikikupigia unanichekesha, nikianza kucheka unasema kuna mtu anabisha hodi, unakata. Nimeona bora karatasi.

Jambo lenyewe ni lile gari jekundu. Shemeji yako ametimiza miezi kumi tangu atutoke, na gari muda wote huo limekaa chini ya turubai. Sasa binti analitaka la kwendea mazoezini. Nimemkatalia mara tatu, ya nne nikachoka. Tumeliwasha, limewaka, lakini imetokea taa ya rangi ya chungwa, na kitabu kinasema ni sevisi. Nikaenda dukani kununua oili. Ndugu yangu! Rafu nzima, makopo ya kila rangi. Muuzaji akaniuliza, "Mama, unataka nyepesi au nzito?" kama vile ananiuzia blanketi. Nikatoka mikono mitupu.

Nikajiambia, mtu aliyekaa karakana ya wakala wa magari hayo miaka kumi na moja, minne ya mwisho akiwa fundi mkuu, ni ndugu yangu wa tumbo moja. Kwa nini nibabaike? Basi nieleze mawili. Nitie oili gani? Na je, niwapelekee wakala walewale? Walipotubadilishia injini walitupa sharti kwamba sevisi zote zifanyike kwao, na shemeji yako alilifuata mpaka mwisho.

Mimi gari lile sina mapenzi nalo, unajua. Tangu ile injini ya kwanza ilipokufa, na ripoti ikaja kusema limekimbizwa, na mume wangu mfamasia, mtu aliyepima dawa kwa miligramu maisha yake yote, akanitazama usoni akasema hakulikimbiza. Basi, tuyaache. Mwenyewe amelala.

Ni mimi dada yako.


2 Februari

Dada yangu,

Salamu nyingi. Mama mzima, matone anatia, ila anatia akiwa amefumba macho halafu anadai chupa imeharibika. Wifi yako anakusalimu. Darasani nina wanafunzi ishirini na wanane na injini mbili za kufundishia, moja haina kichwa. Mpe mpwa wangu hongera. Mwambie mjomba wake anajivuna mtaa mzima.

Kuhusu oili, sikiliza vizuri. Kitabu kinasema 0W-40, sinthetiki kamili. Ile namba ya kwanza yenye herufi W inakueleza oili inavyokimbia asubuhi injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inafika juu haraka. Namba ya pili inakueleza inabaki na uzito gani injini ikishapata moto. Gari lile lina turbo, ile feni inayosukumia injini hewa. Mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachouzuia usisagike ni utando wa oili mwembamba kuliko karatasi hii unayosoma. Kwa hiyo usidanganywe na picha ya gari la mashindano mbele ya kopo. Ligeuze usome nyuma, pameandikwa vibali vya watengenezaji. Namba ya kibali ifanane na iliyo kwenye kitabu chako, tarakimu kwa tarakimu. Lita saba na nusu. Chujio jipya. Na washa mpya, yaani kile kipete cha ile bolti ya kumwagia, ni kidude kidogo lakini mafundi wavivu wanarudishia cha zamani.

Ukishanunua, mpelekee fundi yeyote wa mtaani unayemwamini, usimame hapohapo. Uone kopo likifunguliwa mbele yako, usikie kifuniko kikikatika.

Kwa wakala si lazima. Lile sharti liliisha zamani.

Mdogo wako.


21 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila homa imepita nyumba nzima na imetuacha na vikohozi. Mama mwambie chupa haijaharibika.

Barua yako imenikuta nimeshakwenda kwa wakala. Nilisubiri wiki nne, nikaona umepotea, na binti anaanza mazoezi. Nikaenda tarehe kumi. Unapakumbuka mwenyewe: sakafu nyeupe mtu unaogopa kukanyaga, viti vya ngozi, kahawa ya bure. Nikamuuliza msichana wa mapokezi wanatia oili gani. Akanijibu kwa tabasamu, "Mama, hapa si kando ya barabara. Tunatia inayotakiwa." Nikaomba niingie ndani nione. Akanionyesha kibao: wateja hawaruhusiwi karakana kwa usalama wao wenyewe.

Nikamwambia kaka yangu ndiye aliyekuwa fundi mkuu hapa. Loo! Akaenda kumwita meneja wa sevisi, yule mnene mwenye sauti ya upole. Alifurahi kweli. Akasema, "Yule alitufaa sana. Msalimie. Mwambie fomu zake tunazitumia mpaka leo." Gari wakanirudishia limeoshwa, limewekewa karatasi miguuni, kitabu kimegongwa muhuri.

Jioni nikasoma barua yako. Nikakifungua kile kitabu cha sevisi toka mwanzo. Kurasa nne zina sahihi yako, ile yenye mkia kama wa panya. Sasa niambie, mahali ambapo wewe mwenyewe ulikuwa unatia sahihi, kwa nini unanitaka nisimame nikodoe macho kwa fundi mwingine? Umegombana nao? Walikufukuza ukatuficha? Mimi kazi yangu ni kuamini karatasi. Picha ikionyesha mfupa umevunjika, umevunjika. Nisaidie nielewe.

Dada yako.


28 Machi

Dada yangu mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Mama aliumwa kifua, kisha ikaja mitihani, kisha hili na lile. Sasa Mama anakula vizuri, jana alimgombeza daktari.

Dada, hawakunifukuza. Niliondoka mwenyewe.

Naomba ufanye hivi wala usiulize. Oili waliyotia imwagwe yote, na chujio litolewe. Mwite fundi wa mtaani aje nyumbani, amwage, atie ile niliyokuandikia. Kabla hajatia afungue bakuli la chini atazame wavu wa kunyonyea oili. Akikuta kitu cheusi kama lami kimeganda pale, gari lisiwashwe kabisa mpaka nije. Mpwa wangu asiliendeshe hata kwenda dukani. Apande basi, apande chochote.

Mengine tutazungumza tukionana.

Mdogo wako.


14 Aprili

Kaka,

Mama asiambiwe bado.

Tarehe nane, saa mbili asubuhi, mwanangu alikuwa anakwenda mazoezini. Barabara ya kuzunguka mji, mbele yake lori. Akaona upenyo, akaanza kulipita. Alipofika ubavuni mwa lori injini ikagonga kama mtu anayepiga mlango kwa nyundo, mara mbili, ikakata. Usukani ukawa mzito, breki ngumu. Mbele linakuja basi. Akajitosa mtaroni.

Amevunjika mtulinga na mkono wa kushoto mahali pawili. Yuko hai. Naiandika tena niione: yuko hai.

Walimleta hospitali yetu. Wenzangu wakaniambia nitoke nje. Nilikataa, nikasimama kwenye mashine. Nikamwambia kile ninachowaambia watu wote, shika pumzi. Akashika. Mimi nikasahau kumwambia aachie.

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja, siku ya tatu baada ya ajali. Juu umeandika tarehe 28 Machi. Muhuri wa posta ni wa tarehe 6 Aprili. Ilikaa wapi siku tisa?

Gari lilivutwa kwa wakala. Jana wameniletea ripoti. Sababu ya kuharibika: "Injini imezunguushwa kupita kiwango kutokana na uendeshaji wa kasi." Imezunguushwa, kwa u mbili. Nikapanda kitandani nikashusha sanduku la makaratasi ya shemeji yako. Ripoti ya miaka minne iliyopita, ya injini ya kwanza: maneno yaleyale, na u zote mbili, ingawa moja imekatwa kwa kalamu. Chini yake sahihi yako.

Mwanangu amelala na bandeji, ananiambia, "Mama, sikulikimbiza. Nilikuwa napita lori tu." Na mimi nikasikia sauti ya baba yake.

Nakuuliza mara moja tu. Shemeji yako alilikimbiza lile gari, au hakulikimbiza?


25 Aprili

Dada,

Hakulikimbiza.

Nimeliandika hilo kwanza kwa sababu nikianza na salamu sitalifikia.

Zile siku tisa barua ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu la darasani. Posta iko njiani nikienda chuoni, nilikuwa napita mbele yake asubuhi na mchana. Na simu nilikuwa nayo mkononi, dada. Kwa dakika moja ningekwambia mtoto asiwashe gari. Niliogopa ungeuliza kwa nini, ukaisikia sauti yangu. Ndivyo ilivyokuwa. Niliilinda sauti yangu, na mtoto akawa barabarani.

Sasa nikueleze toka mwanzo. Katika mwaka wangu wa nane pale, oili ya makopo ikachelewa kufika. Meneja akasema kwa wiki mbili tutumie ya pipa. Lilikuwa pipa la buluu, limesimama nyuma karibu na mlango wa taka, oili ya 15W-40 ya malori ya dizeli. Kwa lori ni oili nzuri tu. Kwa injini kama ya shemeji ni kumvisha mkimbiaji buti za zege. Wiki mbili zikapita, makopo yakaja, na hatukuyafungua. Kwa wateja tuliendelea kuandika 0W-40. Mafundi wote walijua. Ufunguo wa chumba cha oili niliushika mimi.

Shemeji alipoleta gari mara ya kwanza baada ya hapo, nilimtilia ya kopo, kwa siri. Nilijiona mtu mwema. Mara ya pili walikuwepo mafundi wawili wananitazama. Ningefungua kopo kwa ajili ya shemeji yangu, ningekuwa nimekiri mbele yao kwamba ya pipa haifai. Basi nikamtilia ya pipa. Na mara ya tatu. Na ya nne. Kila mara nikatia sahihi.

Injini ilipokufa niliifungua mwenyewe. Wavu wa kunyonyea oili ulikuwa umezibwa na kitu cheusi, unakikwangua kwa bisibisi. Nikaenda kwa meneja nikamwambia, ni oili. Akafunga mlango taratibu. Akasema, "Ukiandika oili, unaandika jina lako. Kurasa zote ni zako." Nikamwambia yule ni mume wa dada yangu. Akasema, "Basi tutampa injini nyingine, hatapungukiwa kitu. Andika tu kwamba alikimbiza. Mwanamume gani mwenye gari kama lile hajalikimbiza?"

Nikaandika. Ile u ya pili ni yangu, na fomu ni yangu, ndiyo wanayoinakili mpaka leo.

Gari lile lina kompyuta inayohifadhi kila mara injini inapopitishwa kiwango. Niliisoma kabla sijaandika. Ilionyesha sifuri. Katika miaka mitatu shemeji hakupitisha hata mara moja. Nilichapa ile karatasi, na sijui kwa nini sikuichana. Imo ndani ya bahasha hii, na tarehe yake.

Niliacha kazi mwaka uleule, nikawaambia nyote nataka kukaa karibu na Mama. Mkanisifu.

Sina neno la kuomba. Mpwa wangu anaendeleaje?


30 Juni

Kaka,

Mkono umeunga, mtulinga bado unamsumbua akiinua begi. Hilo nimekujibu kwa sababu uliuliza kwa heshima.

Barua zako tatu za Mei ninazo, sikuzifungua. Hii ya Aprili nimekaa nayo miezi miwili. Kwanza nilikuchukia wewe peke yako, na ilikuwa nafuu. Naamka nakuchukia, nakwenda kazini nakuchukia, siku inapita. Halafu siku moja nikiwa nimeshika filamu ya mgonjwa kwenye mwanga, nikajikumbuka mimi.

Ile ripoti ilikuwa mezani kati yetu, mimi na mume wangu. Akasema, "Ripoti imekosea." Nikamwambia, "Imekosea vipi wakati ametia sahihi ndugu yangu?" Nikaendelea, maana nilijiona nina haki: "Kati yako na yeye mmoja anaongopa, na yeye hana sababu." Nakumbuka alikuwa ameshika miwani yake, anaifuta kwa pindo la shati. Akasema, "Basi, kama umeshaamua." Akaenda kutundika funguo za gari msumarini. Tangu siku hiyo hakuniambia tena habari za gari, wala habari nyingi nyingine. Tuliishi vizuri, usinielewe vibaya. Tulikula pamoja, tulicheka. Lakini kila alipochelewa kurudi nilimuuliza alikuwa wapi, na alipojibu nilimtazama mara ya pili. Aliliona lile jicho la pili. Miaka mitatu.

Wiki yake ya mwisho wodini, ilikuwa mchana, dirisha limefunguliwa. Akaniuliza, "Lile jambo la gari. Bado huniamini?" Nikamwambia apumzike. Nikamweka mto vizuri. Mto ulikuwa umekaa vizuri tayari.

Hilo ni langu, sikutupii wewe. Uongo uliuandika wewe, lakini kuuamini niliuamini mimi, na niliuamini kwa urahisi.

Kitu kimoja kinanikosesha raha. Yeye alijua hakulikimbiza, kwa hiyo alijua kwamba wewe umeandika uongo. Angeweza kuniambia, kaka yako ni mwongo. Hakuwahi kulitamka, hata siku niliyomkasirisha kuliko zote. Kila mara ni "ripoti imekosea", kana kwamba ripoti imejiandika yenyewe. Unajua sababu?

Na usiniandikie tena habari za kusikitika. Nenda kaseme panapotakiwa kusemwa.


24 Julai

Dada,

Mama mzima. Nimemweleza yote, ajali pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazima redio yake. Hajaiwasha toka Jumanne.

Nimekwenda ofisi ya kulinda wateja. Nimekaa siku mbili mbele ya mwanamke mmoja mwenye kalamu tatu, akaniandikisha kila kitu: pipa, ufunguo, fomu, majina, langu la kwanza. Nakala ya ile karatasi ya kompyuta wameichukua. Wiki iliyofuata waliingia karakana bila kutoa taarifa. Pipa lilikuwepo. Wamebadilisha rangi tu, sasa la kijani. Watu kumi na sita wenye magari wameitwa, na wawili kati yao waliwahi kupewa ripoti yenye maneno yangu. Mpwa wangu ataandikiwa barua ya kusafishwa jina. Mkuu wa chuo ameniambia nikae nyumbani mpaka kesi iishe. Amesema hawezi kuniweka mbele ya vijana nikiwafundisha kusoma kopo la oili.

Uliuliza kama najua sababu. Najua. Nililibakiza hili moja, nikiamini nitakufa nalo.

Siku tatu baada ya ripoti, shemeji alikuja kazini. Akaingia kwenye kile chumba changu chenye vioo, akafunga mlango, akakaa. Akaweka ripoti mezani. Alitoa kalamu yake mfukoni akakata ile u moja, taratibu, kama anavyorekebisha cheti cha dawa. Kisha akaniuliza, "Wamekulazimisha?"

Nikamjibu, "Shemeji, ripoti ni ripoti."

Akainuka. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Akasema, "Sikiliza. Dada yako sitamwambia kwamba ni wewe. Baba yenu hayupo, mama yenu yuko mbali, na kaka anaye mmoja tu, wewe. Mimi nikikosana naye tutapatana, ndiyo ndoa. Wewe akikupoteza hatapata mwingine."

Alipofika mlangoni akageuka: "Ila siku utakapoweza, mwambie mwenyewe. Usiniache hivi."

Dada, nilimwacha hivyo. Nilikuja kumwona hospitali mara mbili, unakumbuka, ulinipisha kiti. Nilikaa kando ya kitanda chake na nikashindwa. Aliniuliza habari za safari, kama barabara ilikuwa nzuri.

Nataka kuja kumwambia mpwa wangu kwa mdomo wangu. Ukikataa nitaelewa. Nitasubiri jibu lako, na safari hii barua hii naipeleka posta sasa hivi, wino haujakauka.

Mdogo wako.


3 Agosti

Mdogo wangu,

Unaona nimerudi kukuita hivyo. Usishangilie, ni mkono tu umezoea.

Tumepata barua ya binti ya kusafishwa jina, imegongwa mihuri miwili. Yeye ameisoma akaiweka chini ya kikombe cha chai. Gari nimewaambia wale wa ofisi ya wateja walichukue wakalipasue watakavyo kwa ushahidi wao, silihitaji tena.

Barua yako nimemsomea yote, mpaka pale penye chumba cha vioo. Nilikuwa nalia, yeye halii. Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako hakuongopa." Akasema, "Najua. Siku zote nilijua. Nilikuwa napanda naye lile gari kwenda shule. Alikuwa anaendesha polepole mpaka wenzangu wananicheka."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuniambia?"

Akasema, "Nilikuambia, Mama."

Na ni kweli, aliniambia. Alikuwa na miaka kumi na sita, amesimama pale mlangoni na sare yake. Nilimjibu asimtetee baba yake.

Nimefikiri sana juu ya yale maneno ya shemeji yako. Mwanzo yalinikasirisha. Nani alimwomba anichagulie? Angenipa ukweli nikaamua mwenyewe nani wa kubaki naye. Halafu nikaona kwamba aliamua kubaki mwongo ndani ya nyumba yake, mbele ya mkewe na mwanawe, ili mimi niendelee kuwa na kaka. Alilipa yeye. Sasa nikikutupa, nitakuwa nimemtupia na yeye kile alichokilipia. Na nikikukumbatia, nitakuwa nimefanya kana kwamba hakikuwa kitu. Sijapata njia ya katikati. Labda haipo.

Kukusamehe sijakusamehe. Sitaki uje ukidhani nimeandaa msamaha mezani. Najisamehe mwenyewe kwanza, na hata huko sijafika.

Lakini njoo. Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na sita, saa nne asubuhi, mchana kweupe. Binti ndiye atakayekufungulia. Atakukaribisha sebuleni, na wewe mwambie yote kama ulivyoniandikia, bila kupunguza. Ana maswali yake, ameyaandika kwenye daftari. Mjibu mpaka yaishe.

Mimi nitakuwa jikoni. Nitakuwa nawasikia. Huenda nisitoke. Ukiona sitoki, usiondoke kwa sababu hiyo.

Ni mimi dada yako.